Mwaka 1959 Hauna Mwenyewe: Historia ya Tarehe, kutoka Kimilili hadi Ndani ya Kompyuta

Mwaka 2022 chama chetu cha mazishi, hapa Kimilili, kiliniomba nikitengenezee programu ndogo ya orodha ya wanachama. Jina, kijiji, nambari ya simu, tarehe ya kuzaliwa, michango. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Siku ya kuandikisha nilikaa kwenye benchi nje ya kanisa, kompyuta mapajani, wazee wakija mmoja mmoja na vitambulisho vyao. Akafika mzee jirani yetu.

“Mzee, ulizaliwa lini?”

“Mimi ni Nyange, mwanangu. Nilitahiriwa 1952.”

Kwa Mbukusu hilo ni jibu kamili. Kwa programu yangu halikuwa jibu hata kidogo, kwa sababu ilitaka siku, mwezi na mwaka. Tulikubaliana kwamba mwaka wake ni 1937. Siku na mwezi hakuna ajuaye, basi nikafanya wafanyavyo makarani tangu zamani: nikamwandikia 1 Januari 1937. Nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Programu ikagoma, ikidai kwamba wakati niliouandika haupo. Nikajaribu 1 Januari 1936, ikakubali. Nikajaribu 1938, ikakubali. Nikarudi 1937, ikagoma tena.

Mzee akacheka. “Kwa hiyo hiyo kompyuta yako inasema mimi sikuzaliwa?”

Usiku huo nilichimba mpaka nikapata kiini cha tatizo, na aibu ikanishika, maana kompyuta ilikuwa imesema kweli. Aliyekosea ni mimi, na kosa langu lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi.

Foleni ya makoki

Kabla ya kalenda ya ukutani kuletwa chini ya Mlima Elgon, Wabukusu walikuwa na namna yao ya kuweka miaka, na bado wanayo. Tohara hufanyika mwezi wa Agosti, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Wanaotahiriwa ndani ya kipindi kimoja huwa rika moja, yaani likoki, na makoki ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Yakiisha, foleni huanza upya. Zamu kamili huchukua karibu karne nzima, kiasi kwamba kijana anaweza kuwa na jina la rika la babu wa babu yake.

Orodha za miaka hutofautiana kidogo kulingana na anayesimulia, lakini ile inayotajwa mara nyingi huwapa Nyange miaka ya 1948 hadi 1958, na Maina 1960 hadi 1970. Tuitazame kwa jicho la mtu anayeandika programu. Nyange inaishia 1958. Maina inaanza 1960. Je, mwaka 1959 ni wa nani?

Nilimuuliza mzee swali hilo baadaye. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa ng’ombe ana mabawa mangapi. Mwaka 1959 hauna mwenyewe, alisema, kwa sababu hakuna aliyetahiriwa mwaka huo. Waliotahiriwa walikuwa Nyange, wakaendelea kuwa Nyange. Ambaye alikuwa bado, alikuwa mvulana tu, na mvulana hana likoki.

Jibu hilo ni sahihi kuliko maelezo mengi niliyosoma vitabuni. Kipindi cha Nyange ni orodha ya Agosti sita: 1948, 1950, 1952, 1954, 1956, 1958. Ukikichora kama kamba iliyonyooshwa kutoka siku moja hadi nyingine, utapata pengo mahali ambapo hakuna pengo. Tena huwezi kudhani kwamba kila likoki lina Agosti sita, kwani orodha hiyohiyo inawapa Chuma kuanzia 1972 hadi 1986, ambazo ni Agosti nane. Programu iliyoandikwa kwa kuzidisha miaka kumi na miwili ingewapeleka vijana wa 1984 na 1986 kwa Sawa, na ugomvi wake usingeamuliwa na fundi wa kompyuta.

1895 hadi 1942: saa ya serikali

Mwaka 1895 Charles Hobley, ofisa wa Kiingereza, aliongoza askari wa Kisudani na wapiganaji wa makabila jirani dhidi ya Wabukusu, huko Lumboka na kisha kwenye ngome ya Chetambe, juu ya kilima kilicho karibu na Webuye ya leo. Simulizi za nyumbani zinasema rika la Chuma liliangamia pale, na ndiyo maana baadhi ya koo huliogopa jina hilo mpaka leo. Wakati huo nchi hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mwaka 1902 mpaka ukasogezwa, na Kimilili ikajikuta upande wa Kenya bila mtu yeyote kuhama.

Pamoja na utawala ukaja umri wa nambari. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimhusu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea. Miaka 16 kwa hesabu ya nani? Karani alimtazama mtu ndevu, akamuuliza likoki, akakisia. Hata watu mashuhuri hawakuepuka: Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Musambwa na mzaliwa wa Kimilili hapa, ameandikiwa mwaka wa kuzaliwa 1910 na wengine, 1912 na wengine. Kufungwa kwake mwaka 1948 na kuachiliwa kwake 1961 kuna karatasi. Kuzaliwa kwake kulikuwa na mashahidi tu.

Saa nazo zikasogezwa, na hapa ndipo mzee wangu aliponaswa. Jua huchomoza Kimilili dakika kama nane baada ya Nairobi, lakini serikali inataka saa moja kwa nchi nzima. Kwa mujibu wa hifadhidata ya saa za dunia ambayo karibu kila kompyuta na simu huitegemea, Kenya ilikuwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich kuanzia 1908. Usiku wa kuamkia 1 Julai 1928 ikasogezwa kuwa saa tatu kamili. Januari 1930 ikarudishwa mbili na nusu. Usiku wa kuamkia 1 Januari 1937 ikawa saa mbili na dakika 45. Agosti 1942 ikarudi tatu kamili, na hapo ndipo tulipo.

Soma tena ule wa 1937. Saa ilipofika usiku wa manane, mishale ilirushwa moja kwa moja hadi dakika 15 baadaye. Dakika kumi na tano za kwanza za mwaka huo hazikuwahi kuwepo Kenya. Programu yangu ilikuwa haiwezi kuhifadhi “siku”. Iliihifadhi siku kama saa ya kuanzia, yaani usiku wa manane kwa saa za Nairobi. Nikaiomba iandike usiku wa manane wa 1 Januari 1937, ikanijibu kwamba usiku wa manane huo haukufika. Na 1 Januari ndiyo siku ambayo makarani wamewapa mamia ya wazee wetu!

Hifadhidata hiyo yenyewe ilisahihishwa miaka michache tu iliyopita. Matoleo ya zamani yalidai saa ya Kenya ilisogezwa 1 Januari 1940 na 1 Januari 1960. Maana yake, kompyuta ambayo haijasasishwa ingeukataa usiku wa manane wa 1940 na wa 1960, na kumkubali mzee wangu bila neno. Shida haikutokea kwa mzee. Ilitokana na wazo kwamba siku ya kuzaliwa ni nukta kwenye saa.

1959 hadi 1999: mafundi wa mbali

Kuna sadfa inayonifurahisha: mwaka 1959, ule ambao kwetu hauna mwenyewe, ndio mwaka ambao kamati ya Marekani ilianza kuibuni COBOL, lugha ya programu iliyobeba mishahara na hesabu za benki kwa miongo mingi. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, kwa hiyo watu waliandika mwaka kwa tarakimu mbili. Hesabu ya deni hilo ililetwa mwishoni mwa 1999, kwa gharama ya mabilioni ya dola.

Mfumo wa Unix ulichagua njia nyingine: kuhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Kwa kupima muda ni njia safi. Kwa kuandika siku ya kuzaliwa ni kumtwanga mtu kwenye kinu kisha kumtafuta kwa jina. Mashine za zamani zinazotumia nambari fupi kuhesabu sekunde hizo zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu.

Kisha ikaja lugha ya Java, Januari 1996. Aina yake ya kwanza ya tarehe iliitwa “tarehe” lakini ndani yake kulikuwa na milisekunde. Mwaka ulihesabiwa kuanzia 1900, miezi kuanzia sufuri, siku kuanzia moja. JavaScript, ambayo Brendan Eich aliiandika kwa siku kumi mwaka 1995, iliagizwa ifanane na Java, ikaichukua aina hiyo pamoja na kasoro zake. Mwaka 2000 ulipoingia, kurasa nyingi za intaneti zilionyesha mwaka 19100.

Sisi Waswahili tuna neno la kusema hapa, maana majina ya siku zetu yenyewe ni nambari. Jumatatu ni ya tatu, kwa kuwa tunaanza kuhesabu siku inayofuata Ijumaa. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa 1988, Jumatatu ni ya kwanza. Kwa Java ya zamani ilikuwa ya pili. Siku ileile, nambari tatu. Na gazeti likiandika “usiku wa kuamkia Jumatano”, msomaji anajua bila kufikiri kwamba tukio linaegemea upande wa asubuhi, jambo ambalo hakuna lugha ya programu niijuayo inayoliweza.

Kasoro mbaya zaidi ni ile inayotokea kimyakimya. Ukihifadhi 1 Januari kama usiku wa manane wa Nairobi, kisha kompyuta iliyo ng’ambo ikaisoma kwa saa za Greenwich, inaona saa 21:00 ya tarehe 31 Desemba. Mtoto anarudishwa nyuma siku moja na mwaka mmoja. Nimewahi kuona orodha nzima ya wanafunzi ambao wote walizaliwa mkesha wa mwaka mpya.

2002 hadi 2014: siku inapata nyumba yake

Mwingereza Stephen Colebourne alichoka. Mwaka 2002 alianza maktaba iliyoitwa Joda-Time, na baada ya miaka ya mabishano mawazo yake yakaingia ndani ya Java 8, Machi 2014. Jambo kubwa alilofanya ni kutenganisha vitu ambavyo binadamu hakuwahi kuvichanganya: kuna tukio lililotokea katika sekunde fulani, kuna siku ya kalenda isiyo na saa wala mahali, kuna mwezi na mwaka bila siku, na kuna mwaka peke yake. Kila kimoja kikapewa aina yake. Ukiandika 1 Januari 1937 kama siku ya kalenda, hakuna anayeuliza kama usiku wa manane ulikuwepo.

Kilichobaki ni masafa: kutoka siku hii hadi siku ile. Na hapo mfano bora ninaoujua ulitoka kwetu.

2010 hadi 2022: katiba kama mwongozo wa fundi

Mwezi Agosti 1982 Edsger Dijkstra, Mholanzi mwenye maneno makali, aliandika karatasi fupi akitetea kwamba masafa yaandikwe kwa kuhesabu mwanzo na kuacha mwisho. Sababu zake ni nyepesi. Urefu unaupata kwa kutoa tu. Na masafa mawili yanayofuatana hugusana bila pengo na bila kupandana, kwa kuwa mwisho wa moja ndio mwanzo wa jingine. Waandishi wa programu wengi wamemfuata.

Katiba ya Kenya, iliyotangazwa rasmi 27 Agosti 2010, haina haja na Dijkstra, lakini kifungu cha 259 kinaeleza jinsi ya kuhesabu muda kwa ukamilifu ambao lugha nyingi za programu hazijaufikia. Kipindi kikitajwa kwa siku, siku ya tukio la kwanza haihesabiwi, na ya mwisho inahesabiwa. Kikitajwa kwa miaka, kinaisha mwanzoni mwa tarehe inayolingana na ile kilichoanzia. Kikitajwa kwa miezi, vivyo hivyo, na iwapo mwezi wa mwisho hauna tarehe hiyo, basi ni siku ya mwisho ya mwezi huo. Muda ukiwa siku sita au pungufu, Jumapili na sikukuu haziingii.

Yaani kuna kanuni mbili tofauti za kingo ndani ya kifungu kimoja. Miaka na miezi hufuata njia ya Dijkstra, na siku hufuata kinyume chake. Fundi anayedhani kanuni moja inatosha ataikosea katiba.

Taifa zima lilijifunza hesabu hiyo kwa jasho. Bunge la Kumi lilikutana mara ya kwanza 15 Januari 2008, kwa miaka mitano. Ukihesabu kwa kifungu cha 259, muhula uliisha mwanzoni mwa 15 Januari 2013, na siku yake kamili ya mwisho ni tarehe 14. Katiba mpya ilitaja Jumanne ya pili ya Agosti kuwa siku ya uchaguzi, lakini masharti ya mpito yakasema ndani ya siku 60 baada ya muhula kuisha. Suala likapelekwa Mahakama Kuu, iliyotoa uamuzi Januari 2012, kisha Mahakama ya Rufani, na hatimaye tukapiga kura 4 Machi 2013.

Mwaka 2017 ikawa zamu ya siku 60 nyingine. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais 1 Septemba, na marudio yalitakiwa ndani ya muda huo. Acha siku hiyo, anza na tarehe 2, na siku ya sitini inaangukia 31 Oktoba. Ukiihesabu ile ya kwanza, unapoteza siku moja na kuishia tarehe 30. Marudio yakafanyika 26 Oktoba. Mwaka 2022 kingo zilitumika mpaka ukucha: matokeo ya urais 15 Agosti, kesi ya kuyapinga ikawasilishwa 22 Agosti, siku ya saba na ya mwisho, na hukumu ikasomwa 5 Septemba, siku ya kumi na nne na ya mwisho.

Wakati mawakili wakibishana, wahandisi nao walikuwa kazini. Septemba 2012 hifadhidata ya PostgreSQL ilitoa aina maalumu ya masafa ya tarehe, ambapo unasema waziwazi kama kila ukingo umo au haumo. Iambie siku zinazofuata 15 Agosti hadi 22 Agosti, tarehe 22 ikiwemo, nayo inaandika kwa ndani: kuanzia 16, kabla ya 23. Ni kanuni ya katiba imegeuzwa kuwa ya Dijkstra, bila kupoteza siku hata moja. Naona huu ndio mpango bora uliopo. Mwandishi aseme kingo kwa lugha ya kazi yake, na mashine ihifadhi kwa namna moja tu.

Java yenyewe haina aina hiyo mpaka leo. Unalazimika kuchukua maktaba ya pembeni. JavaScript imepata aina mpya za tarehe ziitwazo Temporal, zilizoanza kutumika ndani ya kivinjari cha Firefox mwaka 2025, nazo zinaijua siku ya kalenda isiyo na saa, lakini masafa hazina. Naona hilo ni uvivu. Mkodishaji nyumba, mwalimu wa zamu na mweka hazina wa chama wote hufanya kazi kwa masafa, na kila mmoja anaachiwa abuni kingo zake.

Baada ya siku ya kanisani

Niliiandika programu upya. Chama chetu kina sharti kwamba mwanachama mpya angoje miezi mitatu kabla familia yake haijasaidiwa. Ukijiunga 30 Novemba, miezi mitatu inaishia wapi, na Februari haina tarehe 30? Katika mwaka wa kawaida JavaScript ya zamani inamwagikia 2 Machi. Java mpya inasimama 28 Februari, kama katiba. Msiba ukitokea 1 Machi, kompyuta moja inalipa na nyingine hailipi. Niliwapelekea wazee swali hilo kwenye mkutano, wakachagua Februari kwa dakika mbili, mmoja akinong’ona kwamba maiti haingoji kalenda.

Tarehe ya kuzaliwa nikaivunja vipande vitatu. Mwaka ni lazima, mwezi na siku vinaweza kubaki wazi. Nikaongeza safu ya likoki, na makoki nikayaandika kama orodha ya Agosti, kila moja na zake, bila kuzidisha chochote. Mwaka 1959 haumo popote.

Mzee jirani sasa ameandikwa hivi: mwaka 1937, mwezi, wazi, siku, wazi, likoki, Nyange, Agosti 1952. Mchango wake wa mwezi huu ameshalipa.